Kidoko

Karani wa Chemba, Bwana Chidawali,
ana kalamu moja na kikohozi cha vumbi.
"Jina la marehemu?"
Nikalitaja.
Akainua macho. "Hebu rudia."
Nikarudia.
Foleni nyuma yangu ikacheka, si kwa ubaya,
kama watu wanavyomcheka mbuzi aliyeingia kanisani.
Mmoja akasema: "Dada anaita kuku."

Jina la mama linaanza kwa kidoko.
Ulimi unabanwa ubavuni, kwenye magego,
kisha unaachiwa ghafla,
kijiti kikavu chini ya unyayo wa mtu anayenyata.
Karani akapekua herufi zake zote, A hadi Z,
hakuna iliyokubali kuubeba mzigo.
"Tuweke K," akasema.
K ya kibali. K ya kesi.
Mama hakuwahi kuwa K.

Darasa la pili, Mwalimu Ndahani
alikuwa akijaza daftari la wazazi.
Nikasimama, mikono nyuma, nikajibu kwa adabu.
"Unanisonya?"
Maana kwa Kiswahili sauti ile ni dharau,
ni kitu unachomtupia muuza nyanya aliyekupunja chenji.
Nikala viboko vinne
kwa kosa la kumtaja mama.
Jioni alinipaka mafuta ya kondoo, akasema neno moja
ambalo sitalitafsiri.
Si siri. Nimelizungusha miaka thelathini, halipiti mlangoni.

Basi nikajifunza. Na nilijifunza kwelikweli!
Nikashinda insha ya wilaya: madaftari matatu na mche wa sabuni.
Leo naota kwa Kiswahili,
nagombana na mume wangu kwa Kiswahili,
na ninapotaka kuishtaki lugha hii
sina nyingine ya kuishtakia,
na ninaipenda, hilo ndilo linaloniuma.

Baba walimkamata na upinde na kibuyu cha asali
mwaka lile bango la hifadhi liliposimikwa
katikati ya njia ya mizinga yake.
Hakimu akamwita jangili.
Baba akauliza, kwa lugha yake,
jangili ni mnyama gani.
Hakukuwa na mkalimani.
Swali likabaki mle chumbani, sijui kama walishalifagia.

Mara moja nilimpeleka mama Kolo, kwenye michoro ya miambani.
Mtembeza wageni, kijana mpole, kofia safi,
akaelekeza fimbo kwenye watu wembamba wekundu:
"Waliochora haya walishatoweka."
Mama alikuwa ubavuni pangu akitafuna karanga.
"Anasemaje?"
"Anasema umetoweka."
Alicheka hadi karanga zikamwagika,
kisha akainama kuziokota, moja moja,
na hakucheka tena siku ile.

"Pelajia, basi," akasema Bwana Chidawali. "La ubatizo.
Hilo lina herufi zake zote."
Nikamwambia, acha nafasi mbele yake.
"Mfumo haukubali nafasi tupu, dada yangu."
Lakini niliona mdomo wake ukihangaika.
Naye ana bibi yake huko Mpwapwa, nadhani,
naye kuna maneno ya Kigogo aliyoyafungia kabatini.
Akajaribu, kwa sauti ya chini, ulimi kwenye magego.
Ukatoka msonyo mrefu, mbichi.
Mzee mmoja kwenye foleni akafoka:
"Karani! Sisi ndio wa kusonywa?"

Tukatazamana, mimi na yeye.
Akashika muhuri, akaugonga mezani:
Ta!
Mungu anisamehe, sauti ile ilikaribia.

Nje, binti yangu alikuwa ameketi kwenye ngazi
akichora mchangani kwa kidole cha mguu.
"Wameliandika jina la bibi?"
Nikaikunja karatasi mara nne.
Nikachuchumaa mbele yake, mavumbini, na gauni langu la msiba.
"Fungua mdomo," nikamwambia.