Kona Saba

Zamu yangu ya maji huangukia saa nane usiku.
Naenda na jembe na tochi yenye betri za kubahatisha,
nazibua banio, nasubiri.
Maji hayaji mbio. Yana kona saba za kupita kwanza,
nami huzihesabu kwa sikio.

Mfereji aliuchimbisha Mgiriki, kwa tumbaku yake.
Mgiriki akaondoka, tumbaku ikaondoka,
mfereji ukabaki mikononi mwa kamati.
Kamati ilikutana mara nne.
Matete yakaota. Kingo zikamomonyoka pale kwa Mhapa.
Mama akarudia ndoo:
mteremko kwenda Ruaha Mdogo, mlima kurudi,
mpaka ngata ikamchonga kipara utosini,
cha duara, kama kisosi.

Vita ilikuwa ndani ya redio ya mwalimu Kiwele,
huko Kagera, mbali kuliko mvua,
hadi malori mawili yalipoingia shuleni kwetu, yakazima,
na dizeli isifike siku kumi na tisa.

Askari arobaini na mmoja! Tukafungia kuku.
Bibi Semduba alificha jogoo chini ya kitanda
na jogoo, mpumbavu, akawika.
Sajini mlangoni hakuuliza habari za jogoo.
Aliomba maji.
Akapewa kikombe, akakitazama ndani
kama mtu anayesoma barua ya msiba.
"Haya mnayateka wapi?"

Alfajiri tukaamshwa na sururu.
Wakang'oa matete, wakatoa fuvu la ndama,
sufuria isiyo na kitako, kaa wenye hasira.
Siku ya tatu wanaume wetu wakaona haya,
wakaja na majembe, hawasalimii.
Siku ya tano Bibi Semduba akamchinja jogoo mwenyewe.

Kwa Mhapa ilibidi kuchimba upya,
na hao walijua kuchimba kwa namna moja tu:
hatua sita, kona. Hatua sita, kona.
"Handaki likinyooka," aliniambia Haule, kijana wa Songea,
"risasi moja inatumaliza wote."
Nilikuwa na miaka tisa. Nikamuuliza,
"Kwani maji nayo yana adui?"
Akaegemea koleo. Akafikiri muda mrefu kuliko nilivyotaka.

Amri ya kutusaidia Sajini hakuwa nayo.
Nilimshikia kibatari akiandika daftarini:
*Mazoezi ya mahandaki. Siku kumi na mbili.
Hakuna aliyeumia.*

Dizeli ikaja Ijumaa, saa sita mchana.
Kingo zilikuwa bado mbichi; tulifungulia saa kumi.
Kwa hiyo hawakuyaona.
Tuliyaona sisi, yakisukuma povu na majani makavu,
mama akiwa amesimama na ndoo tupu,
asijue aiweke wapi.

Mwaka jana alikuja mhandisi na darubini ya miguu mitatu.
Anataka kuunyoosha, kuusakafia kwa saruji.
Kona zinapoteza maji, anasema, na kweli zinapoteza.
"Nani aliwapindishia hivi?"
Nikamweleza habari ya risasi.
Akaandika kitu. Sikukiona.

Kona ya tano. Ya sita inakoroma kidogo,
pana jiwe pale, sijalitoa.
Juni hii baridi inauma mpaka kwenye kucha.
Ya saba.
Navua ndala, nasimama mbele ya maharage yangu,
vidole vikingoja.