Safu ya Kulia

Mhandisi Wouter ana daftari la jalada la bluu.
Kushoto Kiingereza, katikati Kiholanzi,
kulia pameachwa wazi, pananingoja mimi,
karani wa maji, Kongwa,
mkalimani wa kuokotezwa.

Mwingereza, anasema, mvua ikimzidia
huangukiwa na paka na mbwa.
Kwao Uholanzi hushuka mirija ya viko.
Na ninyi?
Nikatazama dirishani. Novemba, vumbi tupu,
kimbunga kidogo kinauchezesha mfuko wa saruji.
Nikaandika: *tungepokea hata vitoto vya mbwa.*

Siri ikitoka, kwa Mwingereza paka katoka mfukoni,
kwa Mholanzi nyani katoka kwenye mkono wa shati.
Hiyo naiweza:
mtama umemwagwa penye kuku wengi.
Ila kalamu ilisita hapo kwenye mtama,
maana ghala ya mama yangu kule Mlali
mwaka huu hata kuku hawaisogelei.

Jumanne tulichimba nyuma ya Sejeli.
Mita tisini, vumbi.
Mita mia na ishirini, vumbi jeupe kama unga wa msaada.
Mashine ikakohoa kama mvuta tumbaku,
ikanyamaza.
Watu wamesimama, ndoo zimeachama.
Wouter akavua kofia, akasema kwa lugha ya mama yake
maneno mawili yenye vina,
akanigeukia: waambie.

Nikafungua daftari.
Kushoto: *bahati haikuwa yetu.*
Katikati, kama lilivyo: *pole, siagi ya karanga.*
Sasa nani wa kuyatamka hayo Kongwa?
Ningesema haikuwa riziki, tukaenda zetu.
Sijui shetani gani alinishika ulimi;
nikalitoa neno kwa neno.

Kimya.
Kisha Bibi Mbeleje akacheka,
akacheka mpaka ndoo ya njano ikamdondoka kichwani.
"Karanga! Baba yangu kazilima za Waingereza
papa hapa! Matrekta yalinguruma kama simba,
mvua ikagoma, nao wakafunga virago,
wakatuachia vyuma.
Mwambie hiyo pole ni ya zamani.
Tulishaila, na maganda yake."

Watu wote wakacheka sasa,
kicheko kikavu, cha kuumiza mbavu.
Wouter naye akatabasamu, kofia mkononi,
jasho limemchora ramani mgongoni.
"Amesema nini?"

"Anauliza," nikamwambia,
"kesho tunachimba wapi."