Nusu Sekunde

Kirkenes, Desemba. Jua liliaga mwezi jana
na Ragnhild, karani wa bandari, kanunua kamera ya mtumba.
Ameshajifunza: panua tundu la lenzi, pandisha ISO,
bana viwiko mbavuni, shusha pumzi, bonyeza.

Lakini Eirin ana miaka minne.
Nusu sekunde kwake ni safari.
Picha arobaini: moshi uliovaa soksi nyekundu.

Usiku wa manane mlango wa friji unafunguka.
Mwizi wa jamu kasimama katika mwanga wa maziwa,
kijiko mdomoni, katulia kama aliyeshikwa,
maana kashikwa.

Uso umetoka chengachenga, jicho moja limeyeyuka.
Ila kijiko! Hata tone laonekana, laning'inia.
Mama haifuti.

"Tena," asema Eirin,
akichovya.