Ukurasa wa Thelathini na Mbili

Shekiondo fundi saa, Barabara ya Kumi na Mbili,
alikodisha vitabu vya picha kwa senti kumi,
na ukichana ukurasa, thumni.
Alivitundika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo
kati ya saa za watu zilizogoma:
huku wapanda farasi, bastola pajani,
huku pande la mtu, upanga begani,
kipande cha ngozi kiunoni,
na theluji yote ile haimpigi hata chafya.

Kimombo hatukukijua.
Herufi tulizijua, tukazitazama
kama nyumba ya jirani aliyesafiri.
Ufunguo alikuwa nao dada yangu Mwantumu,
au alisema anao.
Aliweka kidole kwenye kila povu la maneno
akalitia Kiswahili cha Ngamiani, chumvi na ndimu:
"Ebo! Mchawi mzima huna haya,
umejenga mnara wote huu, choo hujachimba?"
Na mchawi, macho kijani, vidole vikifuka moshi,
akajibu kwa sauti ya Mama Zubeda wa dukani:
"Lipa kwanza deni la juzi, ndipo tupigane."

Nchi ya wapanda farasi ilikuwa kavu,
mimea yake ya miiba, kila mmoja umesimama peke yake.
Tukaona ni mkonge.
Basi tukakata shauri: Magharibi iko nyuma ya Pongwe,
na gari moshi la Korogwe likichelewa
limetekwa.
Baba alirudi shambani viganja vimechanika,
akachungulia juu ya mabega yetu, akauliza:
"Huyu anazunguka tu na farasi.
Ng'ombe anawachunga nani?"
Hatukuwa na jibu. Hata leo sina.

Walikuwapo na wale wenye manyoya kichwani.
Wao walianguka tu, ukurasa kwa ukurasa,
bila povu, bila neno.
Mwantumu hakufunua mpaka wapate majina.
Huyu Kilua. Huyu Semdoe.
Huyu mama yake kamfunikia uji.
Mbwana wa nyumba ya pili akaja juu: "Soma vita!"
"Ndivyo hivi vita," akasema,
na kidole hakikusogea.

Kitabu cha mwenye upanga kiliishia thelathini na moja:
nyoka wa vichwa vitatu, vinywa vyote wazi,
upanga umekatika,
koroboi yetu nayo imebakiwa na utambi.
Ukurasa wa mwisho, alisema Shekiondo,
ulifungiwa karanga.

Mwezi uliopita, karibu na Mkwakwani,
kijana katandika vitabu kwenye turubai.
Nikamwona: begani upanga, kiunoni ngozi ile ile.
Kizima. Elfu mbili.
Nikafunua mwisho pale pale, miwani ikiteleza kwa jasho.
Kimombo sasa nakijua, nimekiandikia barua za bandari
mpaka nikastaafu.

"Kufa!" alisema. Basi.
Nyoka akafa.
Chini yake, tangazo la dawa ya viatu.

Hata hivyo nilikinunua, na sioni haya kusema:
nilikisoma mara tatu, chai ikaota ngozi.
Ule wekundu unaovuka mstari wake,
ile harufu ya karatasi iliyolala na mende,
na moyo, mzee mzima, unadunda
mlango wa mnara unapofunguka peke yake.

Usiku nikampigia Mwantumu, Muheza.
"Yule wa upanga na nyoka, iliishaje?"
Kimya. Nikasikia sufuria ikifunikwa.
"Umesahau? Alimwuliza nyoka:
katika vichwa vyako vitatu, kipi hula kwanza?
Vikaanza kugombana.
Yeye akapita."
"Na upanga?"
"Si ulikatika? Akauuza chuma chakavu,
akapata nauli."