Ijumaa ya Talosaga

Usiku wa Alhamisi, tarehe ishirini na tisa Desemba,
Lupesina alifagia kaburi la mumewe
lililo mbele ya mlango, kama ilivyo desturi ya Samoa:
marehemu wa nyumbani halazwi mbali na harufu ya chai.
Alifagia mapema, kwa hasira,
maana kesho yake ilikuwa imefutwa.

Haikufutwa na kimbunga, wala na vita.
Ilijadiliwa mezani, ikagongwa muhuri:
nchi nzima itavuka mstari wa tarehe
pasipo kung'oa nanga, pasipo kufunga mizigo;
italala Alhamisi, itaamka Jumamosi.
"Ni kwa ajili ya biashara," alisema binti yake Fetuao,
karani wa shehena bandarini Apia.
"Sisi tukiwa kanisani, Sydney wamefungua maduka.
Sisi tukipiga simu Ijumaa, Auckland wako mapumzikoni."
"Biashara ina siku sita," akajibu Lupesina.
"Baba yako ana moja."

Kwani Talosaga alikufa tarehe thelathini Desemba,
mwaka wa tisini na nane,
alipoteleza juu ya mshelisheli
akiwa na mashelisheli mawili kwapani,
na hata alipofika chini hakuyaachia.
Kila mwaka, siku hiyo, mkewe humwekea
teuila nyekundu na kopo la samaki,
humsomea majina ya wajukuu waliozaliwa,
kisha humgombeza kidogo kuhusu ule mti.
Miaka kumi na miwili, hakukosa.

Mchungaji alikuja na hesabu yake.
Mwaka 1892, zama za bibi wa bibi yao,
visiwa vilihamia upande ule mwingine
ili wafanyabiashara wa Kimarekani waridhike,
na tarehe nne Julai ikaja mara mbili,
Jumatatu juu ya mgongo wa Jumatatu.
"Tulikopa siku," alisema. "Dawa ya deni ni kulipa."
Lupesina alimmiminia kikombe cha pili.
"Aliyekopa ni nani," akauliza, "na anayelipa ni nani?"

Mimi ninayeandika haya,
lugha yangu ina Jumatano na ina Alhamisi,
tano mbili zinafuatana, moja ya nyumbani, moja ya kuazima,
na hajawahi kuja mtu kutudai.
Ningekuwa jirani yake ningempa moja.

Saa sita usiku kengele zikalia,
simu ya Fetuao ikameza siku nzima bila kucheua.
Falealupo, kijiji kilichokuwa miongoni mwa vya mwisho
kuagana na jua, kikajikuta mstari wa mbele,
na jogoo wakawika vilevile, kwa kuchelewa kidogo.
Fetuao alilipwa mshahara wa Ijumaa ambayo hakuiona.
Alicheka mpaka akaona haya,
akamnunulia mama yake kitambaa cha kichwani.
Mama hakukivaa.

Jumamosi asubuhi simu ikaita.
Ni Sinapati, wifi yake, kutoka Pago Pago,
ng'ambo ile ambako hawakuhamisha kitu.
"Wifi, huku kwetu leo ni Ijumaa."

Lupesina akaketi juu ya ukingo wa kaburi.

"Tarehe?"

"Thelathini. Mvua inanyesha toka alfajiri.
Nina kopo la samaki mkononi. Nilifungue?"

"Ngoja."
Akaibonyeza simu ili sauti isikike nje,
akailaza juu ya saruji, upande wa kichwa,
akaondoa jani moja ambalo ufagio ulilisahau.
"Fungua sasa."

Bati likalia, likachanika.
Mvua ya Ijumaa ikasikika ikinyesha
juu ya saruji kavu ya Jumamosi,
na Sinapati akaanza kuyasoma majina,
akakosea la tatu, akasahihishwa, akaendelea.
Salio likakatika kabla ya amina.