Mengineyo

Saa tano usiku, Suwałki, nyuzi kumi na nane chini ya sifuri,
nami nimefungua jedwali:
miji mitatu kushoto, safu saba kulia,
kila seli nimeirushia namba kama mtu anayelisha kuku.

Mshahara. Kodi. Idadi ya kampuni
zinazotafuta mtu wa lugha ninayoiandika.
Hewa. Shule ya Lusia. Saa za treni hadi kwa mama.
Safu ya saba niliiita "mengineyo"
kwa kuwa sikujua jina lake.

Kraków ina kazi tele, na moshi wake wa Januari
hukaa kifuani kama mgeni asiyeaga.
Gdańsk walinisaili kwa video Jumanne.
Kijana mwenye ndevu akasema: geuza orodha hii, mwisho uwe mwanzo.
Nikaigeuza kwa dakika nne, chai haijapoa.
Kisha akauliza: Kwa nini Gdańsk?
Hapo nikakwama. Nikasema: upepo.
Akaandika kitu. Sijui kama upepo una alama.

Wrocław nilifika mara moja tu, miaka kumi na moja iliyopita,
kwa usaili nilioshindwa.
Walinisindikiza mlangoni kwa adabu, hata kalamu wakanipa.
Nikatembea. Rasharasha, madaraja yasiyokwisha,
nikamkwaa kibete wa shaba aliyesimama njiani,
kimo chake hakifiki goti, nikamwomba radhi kwa sauti.
Hakuna aliyegeuka. Hakuna aliyesema:
"Yule si binti wa Wacek wa matairi?"
Nilikaa kwenye benchi kwa saa mbili nzima
bila kuwa binti wa mtu.

Ziemek huamka saa sita kwenda tanurini.
Unga, husema, hauulizi uko mji gani,
ingawa maji huuliza.
Anafunga kamba za viatu, ananichungulia begani.
"Nani anaongoza?"
"Wrocław. Kwa pointi tisa."
"Mbona una uso wa mtu aliyeiba?"

Ameondoka. Nikakagua.
Kweli: kwenye fomula ya Wrocław
safu ya kodi haikuhesabiwa.
Mkono wangu, unaolipwa kuwinda makosa ya wengine,
uliruka seli moja, kimyakimya,
kama mtoto arukavyo kidimbwi akijua anatazamwa.

Nikarekebisha. Gdańsk ikapanda juu.
Wrocław ikateremka hadi ya tatu
na kitu ndani yangu kikateremka nayo,
ngazi kwa ngazi, bila kushika ukuta.

Mchagua nazi hupata koroma, ndivyo isemwavyo.
Haikusemwa lolote juu ya yule aijuaye nazi yake tangu mwanzo
na bado anazigonga nyingine zote, moja moja,
ili aonekane katafuta.

Kazini ningemkemea yeyote. Ningemrudishia msimbo wake
ukiwa mwekundu toka juu hadi chini.
Hapa jikoni, soksi mbili kila mguu,
nimebonyeza tendua.
Kosa limerudi mahali pake. Pointi tisa.
Na kwenye safu ya saba nimefuta "mengineyo",
nikaandika: benchi.

Kodi itauma. Mama atalia kwenye simu,
kisha atauliza treni ya kwanza huondoka saa ngapi.
Lusia atataka kujua kama vibete hulala.

Alfajiri Ziemek amerudi, mkate wa moto ndani ya koti.
"Umepata jibu?"
Nimemkatia kipande cha pembeni, kile akipendacho.
"Nimepata hitilafu," nimesema,
"nami naiacha ilivyo. Hayo maji ya kule,
unadhani yatauliza nini?"