Jumamosi ya Uyoga

Tangazo lilibandikwa kando ya mashine ya kahawa:
Jumamosi, saa moja asubuhi, basi litasubiri langoni.
Wafanyakazi wote. Kikapu chako, kisu chako,
viatu visivyoogopa tope.
Chini yake mtu aliandika kwa penseli:
Na usingizi wangu atanilipa nani?

Mimi ni mfungaji. Mwaka wa tisa huu
nazizungushia bilauri karatasi, sita kwa sanduku,
na wenzangu nawajua kwa migongo:
mgongo wa Květa ulioinamia gurudumu la nakshi,
mgongo wa Thục, mwembamba, jasho limechora jani,
na mgongo wa Bohumír,
ambao hakuna aliyetaka kuujua.

Bohumír ndiye mkaguzi.
Huinua bilauri kwenye taa, huizungusha mara moja,
akiona kipovu kama jicho la sisimizi
huiachia.
Chini kuna pipa la chuma.
Kishindo hicho ndicho saa yetu ya ukutani,
na kila kishindo kina mwenyewe,
anayekuja kukisikia tena siku ya mshahara.
"Kapi," husema. Neno hilo tu. Hana la pili.

Basi lilipanda milima ya Jizera kimya kama basi la msiba.
Bibi Radovana wa ofisi ya utumishi
alikuja na mchezo wa kufahamiana:
kila mtu amtaje mnyama ampendaye.
Kumi walisema mbwa.
Mmoja alisema nguruwe, wa kukaangwa.
Kisha msitu ukatumeza, mchezo ukajifia wenyewe.

Thục kwao ni Nam Định; uyoga wa huku haujui.
Ndiye aliyejaza kikapu wa kwanza:
weupe mtupu, laini, safi kama nguo ya bibi harusi.
"Njooni muone!" aliita,
na aliyekuja ni Bohumír.

Alipiga magoti. Akachukua mmoja,
akauinua kwenye mwanga uliopenya misonobari,
mkono uleule,
akauzungusha mara moja.
Tukakunja mabega, tukisubiri kishindo.

Sindano za misonobari hazina kishindo.

"Huu," alisema, "ulimchukua mjomba wangu na mkewe.
Walikula Jumapili, wakasifu mchuzi.
Alhamisi..."
Hakumaliza. Alitoa leso,
akamfuta Thục vidole, kimoja baada ya kimoja,
kisha akamfundisha: tazama pete ya shingoni,
chimba mpaka mguuni, utafute kifuko.
Maneno mengi kuliko ya miaka tisa.

Basi tukapanga foleni, sisi tuliozoea kuhama meza
kila akiingia na sahani yake kantini.
Kapi. Kapi. Huu mzuri. Huu mzuri sana, umeutoa wapi?
Kapi.
Hata Bibi Radovana alirudishiwa uyoga mmoja tu
na akaushika kama tuzo.
Květa hakuwa amempa salamu
tangu zilipovunjwa bilauri arobaini za Krismasi.
Alimmiminia chai kwenye kifuniko cha chupa yake.
Bohumír alikunywa
bila kukikagua.

Nisiwadanganye: Jumatatu haikuwa sikukuu.
Mshahara ulikuwa uleule, tanuri lilelile,
na yule wa penseli aliandika tena.
Saa tatu hivi, bilauri ya Thục ilipanda kwenye taa.
Nikafumba macho.

Kimya.

Nilipofumbua, Bohumír alikuwa bado ameishika,
na kwa mkono mwingine alikuwa anamwita:
"Njoo. Hapa, shingoni. Unaona?"
Vichwa viwili chini ya taa moja,
kimoja cheupe, kimoja cheusi,
vikitafuta kipovu.

Nami nilisimama na karatasi mkononi,
sandukuni mna bilauri tano.